Nilighushi Mwandiko wa Marehemu kwa Ajili ya Keki ya Krismasi

Mshauri wangu mpendwa, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana nina jambo nimelibeba mwaka mzima, na wiki iliyopita nusu ya mzigo ikanidondoka yenyewe, na sasa hiyo nusu iliyobaki sijui niitue wapi.

Mimi ni mpishi katika jiko la hospitali, ninapikia wagonjwa mia mbili na ushee, chakula kingi hakina chumvi wala mafuta na hakuna anayekisifia, kwa hiyo usidhani ni mtu wa kutafuta sifa za jikoni. Miaka minne iliyopita niliolewa na fundi wa lifti aliyekuja kutengeneza ile lifti yetu ndogo ya kupandishia chakula wodini, mwanamume mpole aliyefiwa na mkewe akabaki na mabinti wawili. Mkubwa sasa ana miaka kumi na saba, nyumbani tunamwita Wakili kwa sababu hakuna anayemweza kwa maneno, na mdogo ana miaka tisa. Wananiita mama mdogo, wananiheshimu, sina la kulalamika. Mama mzazi wa marehemu, mkunga mstaafu ambaye sote tunamwita Bibi, huja kila tarehe ishirini na mbili Desemba na kukaa hadi mwaka mpya.

Sasa katika nyumba hiyo kuna daftari. Lina jalada la kijani, hukaa juu ya kabati la vyombo, na ndani yake marehemu aliandika chakula chote cha Krismasi: supu ya malenge ya kuanzia, kuku wawili wa kuoka kwa limau na kitunguu saumu, wali wa njegere, viazi, saladi ya kabichi, na mwisho keki ya machungwa, ambayo kwa familia hiyo ndiyo Krismasi yenyewe. Mwaka wangu wa kwanza mume wangu alinikabidhi daftari akaniambia, "Fuata tu hapa, hutapotea," nami nikafuata, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili, hata maganda ya chungwa nikiyapima kama ninavyompimia mgonjwa wa sukari. Sikuwahi kuongeza kitu changu hata kimoja. Kwetu siku hiyo tulikuwa tunakula samaki, mmoja mkubwa wa kuoka mzima mzima, kwa sababu baba alikuwa muuza samaki na siku hiyo moja tu kwa mwaka alijichagulia samaki aliye bora kabla ya wateja, lakini nilimnyamazia samaki wangu, ningeanzia wapi kumtaja mbele ya daftari la marehemu.

Mwaka jana, tarehe ishirini na tatu, saa tisa mchana, nilikuwa naepua sufuria ya malenge, kitambaa kikateleza, maji ya moto yakamwagika mezani palipokuwa na daftari limefunguliwa, mengine yakanimwagikia mguuni. Nililiokoa daftari kwanza. Ukurasa wa keki ulikuwa umekwenda na maji, wino wote umechuruzika, imebaki karatasi ya rangi ya bluu iliyofifia. Nilikuwa peke yangu, Bibi na watoto wametoka kununua viatu. Mshauri, nilipaswa kuwasubiri mlangoni niwaambie. Badala yake niling'oa karatasi tupu ya mwisho ya daftari lile lile, nikauweka mbele yangu ukurasa wa kuku, nikajifunza mwandiko wa marehemu kama mtoto wa darasa la kwanza, ile "k" yake yenye mkia na ile "m" iliyolala, kisha nikaiandika keki upya kwa kukumbukakumbuka, vipimo vingine nikabuni, nikaipitisha karatasi kwenye chai ya rangi ili izeeke, nikaikausha kwa pasi, nikaibandika kwa gundi.

Krismasi ikafika, mume wangu akaonja keki, akafumba macho, akasema, "Hii ndiyo yenyewe. Mikono ya mama yenu kabisa." Bibi akaomba kipande cha pili. Mimi nikaingia bafuni nikafungulia bomba ili wasinisikie nikilia, na hadi leo sijui nililia kwa aibu au kwa furaha, na hilo la furaha ndilo lililonitesa zaidi.

Jumamosi iliyopita tukakaa kupanga chakula cha mwaka huu, baba yao akiwa kazini, mdogo akichora kuku pembeni ya orodha, na Wakili akatangaza kwamba mwaka huu keki anaoka yeye. Nikasema nitamsaidia. Akasema hapana, atasoma mwenyewe, akalivuta daftari. Akausoma ukurasa wa keki, halafu akamwambia mdogo wake aende akaangalie kama nguo zimekauka.

"Mama mdogo," akasema, "huu si mwandiko wa mama."

Nikamwambia yote, maji, chai, pasi, gundi, sikuruka kitu, wala sikuweza kumtazama usoni. Nilipomaliza nilingoja anifukuze kwenye jiko lile.

"Najua," akasema. "Nilijua tangu mwaka jana. Ukurasa unanuka chai."

"Na ukanyamaza?"

"Niliogopa. Nilifikiri nikisema utaona aibu, uondoke. Na sisi tumeshakuzoea." Akafuta macho kwa kiganja, kisha akacheka. "Halafu keki yako ilitoka vizuri. Ya mama ilikuwa inaungua chini kila mwaka. Tunaikwangua kwa kisu, yeye mwenyewe anacheka mpaka anakaa chini."

Mshauri, sikuwahi kusikia mtu akimtaja yule mama kama mtu aliyeunguza kitu. Miaka minne nimeishi nyumba moja na mwanamke asiyekosea, kumbe naye alikuwa anasimama pale pale ninaposimama mimi, anakwangua. Nikanywa chai iliyokuwa imepoa tangu asubuhi, nikaiona tamu.

Sasa Wakili anasema tuishie hapo, iwe siri yetu wawili, baba ana furaha yake, Bibi ana umri wake, ya nini kuwavuruga. Tena anasema mwaka huu nipike huyo samaki wa kwetu. Natamani kumkubalia yote mawili. Lakini nikimkumbuka Bibi na kile kipande cha pili, nasita. Amebakiza siku kumi afike. Niseme au ninyamaze? Na samaki je, si nitaonekana nimekuja kumfuta mwenzangu?

Mimi, Mpishi wa Wodini

*

MSHAURI ANAJIBU

Mpishi wa Wodini, pole. Na mguu je, ulipona? Nimeisoma barua yako mara mbili nikiutafuta. Umeniambia kila kilicholipata daftari, na mguu wako umeupa maneno mawili. Hapo ndipo tatizo lako lilipo, na lilianza kabla ya maji kumwagika.

Sasa nikugombeze kidogo, maana umeniomba. Kumwaga maji ni ajali. Kuzeesha karatasi kwa chai ni utundu, na mtu mzima mwenye kazi yake hapaswi kupatikana nao. Lakini kosa kubwa si hilo. Binti wa miaka kumi na sita alikaa mwaka mzima akikulinda wewe, akiamini kwamba akifungua mdomo atapoteza mama kwa mara ya pili. Hukujua, sawa. Leo unajua. Na bado unaniuliza kama muendelee na siri hiyo mwaka mwingine? Hapana, dada yangu. Huyo mtoto mpe likizo. Mwambie kwa maneno yanayosikika kwamba huendi popote, keki iungue au isiungue, kisha hiyo kazi ya kusema uifanye mwenyewe.

Unaogopa kumwondolea mume wako furaha yake. Furaha gani? Alikula keki akaipenda. Keki uliioka wewe. Hakuna kitu utakachomnyang'anya. Na Bibi unayemhurumia umri wake ni mkunga. Mtu aliyepokea watoto wa watu maisha yake yote hawezi kuangushwa na karatasi iliyolowa. Kinachoweza kumuumiza ni kugundua mwenyewe, halafu akute mlikuwa mnajua wote.

Fanya hivi. Mume wako mwambie kesho, baada ya chai ya asubuhi, kabla hajatoka. Usianze na machozi, anza na sufuria. Bibi akifika, mwache aoge, ale, alale usingizi wake, na asubuhi inayofuata umpelekee daftari mkononi, wewe, si binti. Mweleze kifupi. Kisha muulize yeye keki ilikuwaje, halafu ufunge mdomo umsikilize. Habari za keki kuungua usizitaje. Hizo ni mali ya watoto, watazitoa wakipenda.

Na samaki apikwe. Humfuti mtu kwa kuongeza sahani. Supu, wali na saladi visiguswe, kuku awe mmoja badala ya wawili, na nafasi iliyobaki apewe samaki. Kama oveni mnayo moja tu, keki iokwe tarehe ishirini na nne mchana, kuku aingie asubuhi ya sikukuu, samaki awe wa mwisho kabisa kwa sababu yeye hapendi kungojeshwa. Keki aoke Wakili. Wewe muda huo uvute kiti, ukae, na mikono uiweke mapajani.

*

Jibu hilo nilimtumia moja kwa moja, maana ukurasa huu wa gazeti usingetoka kabla ya sikukuu. Wiki ya kwanza ya Januari akaniandikia tena, na ameniruhusu nichape:

"Mshauri, nilisema. Mume wangu alinisikiliza akiwa amevaa kiatu kimoja. Nilipomaliza akatoka nje, akakaa kwenye ngazi, nami nikasimama jikoni nikihesabu vijiko ambavyo havikuhitaji kuhesabiwa. Akarudi akasema, 'Kumbe ndiyo maana ulikuwa unachechemea Krismasi nzima. Mimi nilidhani ni viatu vipya.' Akaniomba nimwonyeshe kovu. Akaliangalia muda mrefu kuliko alivyouangalia ukurasa.

"Bibi ndiye niliyemwogopa. Nilimpa daftari asubuhi akiwa kitandani na miwani yake. Alinisikiliza, hakusema pole wala hakukasirika, akaanza kusoma kwa sauti kama anayekagua kadi ya kliniki. 'Unga, sawa. Machungwa mawili, sawa. Sukari umezidisha. Mayai manne? Nani alikwambia manne? Lete kalamu.' Akafuta, akaandika matano, akapunguza sukari, chini akaongeza chumvi nusu kijiko. Nikamuuliza kama chumvi ilikuwemo kwenye ule wa zamani. Akasema, 'Haikuwemo. Keki hii ni yangu mimi. Nilimsomea mwanangu kwa simu, yeye anaandika huku ananisimulia mambo yake, chumvi akairuka. Miaka yote nilikuwa naila bila chumvi, nikaona nikimwambia nitamkatisha tamaa.' Hapo akavua miwani, akacheka na kulia pamoja, akanivuta nikae kitandani. Tulikaa mpaka mdogo akaja kuuliza kama leo hakuna uji.

"Keki alioka Wakili, kwa mayai matano na chumvi yake. Mimi nilikaa kwenye kiti kama ulivyoniagiza, ingawa mara mbili niliinuka. Samaki nilimtoa tanurini wote wakiwa wameshakaa, nikamweka katikati ya meza. Mume wangu aliuliza kama ana miiba mingi. Nikamwambia anayo ya kutosha, ale polepole. Mdogo akala mashavu yote mawili ya samaki kabla wakubwa hawajajua kwamba samaki ana mashavu. Nikawasimulia habari za baba yangu, alivyokuwa anamficha samaki wake chini ya barafu ili mteja yeyote asimwone, na nikagundua kwamba katika nyumba ile sikuwahi kumtaja baba yangu hata mara moja, wala hakuna aliyenikataza.

"Sasa Bibi amenipigia simu anataka vipimo vya samaki. Sijui nimwambieje, sijawahi kuviandika, navijua kwa mikono tu."

Mpishi wa Wodini, hilo halihitaji mshauri, linahitaji kalamu. Leo ukitoka kazini nunua samaki mwingine, mpike huku unaandika. Limau ngapi, mafuta vijiko vingapi, dakika ngapi tanurini. Usiandike "kiasi" wala "mpaka aive", hayo hayamsaidii mtu. Andika katika daftari hilo hilo la kijani, ukurasa unaofuata ule wa keki, kwa mwandiko wako, na juu kabisa uweke jina la baba yako.