Pini ya Mama

Kitindamimba wetu mpendwa,

Huku sote wazima, uchovu tu. Bomba la jikoni bado linavuja, na shemeji yako bado anasema atalitengeneza kesho.

Kazini hospitalini nimepewa ramani. Kila mgonjwa wa saratani ya mfuko wa nyongo namchomekea pini pale anapoishi. Kwa miezi miwili pini zilijazana hapa mjini, hadi daktari wetu akaanza kuyashuku maji ya bomba. Kosa nililiona mimi. Wagonjwa huandikisha anwani ya ndugu aliyewapokea, si ya kwao. Nikarudia mafaili yote, nikapiga simu moja moja: "Kwenu hasa ni wapi?" Nyingine zilipokelewa na watoto wao, nikaelewa kwamba wenyewe hawapo tena.

Pini zikahama, mdogo wangu. Nyingi sasa ziko bondeni kwetu, kando ya mto, kuanzia darajani mpaka shuleni. Kwa nini, daktari bado hajui.

Ya marehemu mama ilikuwa mtaani kwangu, maana alitibiwa akikaa kwangu. Niliing'oa mwenyewe, nikaichomeka nyumbani, bondeni.

Katika barua yako ulitania kwamba ukila mafuta ubavu wa kulia unauma mpaka mgongoni, eti uzee unabisha hodi. Sikucheka. Huenda ni vijiwe vya nyongo tu, lakini nimekuombea nafasi ya kipimo Jumatatu. Njoo, kitanda kipo.

Ila pale mapokezi wakikuuliza unakaa wapi, usitaje kwangu.

Ni mimi dada yako,
karani wa masjala