Mahali Pasipouma

Lundo, 4 Juni 2024

Mwanangu Hilda,

Pokea salamu zangu, wewe, Ignatio na kichanga. Je, ananyonya? Mimi nipo, ila sukari imegoma kushuka. Kliniki wameniongezea dozi ya insulini tena. Daktari akaniuliza mbele ya watu, "Mama, unachoma kweli?" Niliona aibu. Nachoma kila siku, Mungu ananiona. Ugali wa muhogo nimepunguza, chai nakunywa bila sukari, na bado jirani yangu Vitalia anasema nakula kwa siri.

Kuchoma kwenyewe hakunisumbui. Nimepata mahali kushoto kwa kitovu ambapo hapaumi kabisa. Pamevimba kama pera, nachoma hapo hapo. Ninachoogopa ni macho. Jioni naona ukungu, na marehemu baba yako alianza hivyo hivyo.

Mama yako,
Ottilia

Mapera, 8 Juni 2024

Shikamoo mama,

Natumaini umepata nafuu. Huku tu wazima, mtoto ananyonya mpaka anapaliwa.

Mama, huo uvimbe ndio tatizo! Nimemweleza Sista Scholastica, muuguzi wetu hapa. Anasema ukichoma mahali pamoja kila siku, mafuta ya chini ya ngozi yanaota kivimbe, na insulini inakwama humo. Hama. Choma kulia, kesho yake sogea upana wa kidole, siku nyingine paja. Tumia sindano mpya kila mara, usirudie ile butu. Konda wa basi litakaloleta barua hii anaita, naishia hapa.

Mwanao,
Hilda

Mapera, 9 Juni 2024

Mama, shikamoo,

Usichome ile dozi kubwa mahali papya! Anayekuletea barua hii ni mkweo Ignatio, nimemtoa kwenye kuchuma kahawa.

Sista amepita hapa baada ya misa. Akaniuliza, "Mama amekwenda kupunguziwa dozi?" Nikamwambia yeye hakunieleza habari za kupunguza dozi. "Uliondoka sijamaliza, Hilda!"

Dozi yako iliongezwa kwa sababu sehemu yake ilikuwa inaishia kwenye kivimbe. Mahali pazima itaingia yote, na sukari itaanguka ghafla. Ukitetemeka au ukitoka jasho, kunywa maji ya sukari upesi, kisha uende kliniki wakupangie upya. Wewe huna simu, na kaka Hamphrey aliye huko karibu nawe nampigia tangu Sista aondoke, hapatikani, labda yuko ziwani. Ningekuja mwenyewe, ila mshono wa uzazi haujapona.

Hilda wako

Mapera, 11 Juni 2024

Mama,

Ignatio hajarudi, na simu yake haiiti. Nikisikia pikipiki natoka na mtoto mpaka barabarani. Nijibu, hata neno moja.

Hilda

Lundo, 14 Juni 2024

Mwanangu Hilda,

Nipo. Nimeanza na neno hilo ulione kwanza.

Barua ya basi ilinifikia siku ile ile. Jumapili asubuhi nikachoma kulia, dozi nzima. Niliporudi kutoka kanisani nikaanza kutetemeka, gauni likalowa jasho, nikadhani ni malaria. Nikajilaza jikoni. Ignatio alinikuta hapo. Anasema nilimwita kwa jina la baba yako, nikamfokea kwa Kinyasa chetu, naye Mmatengo wa watu asiyekielewa akabaki kunitumbulia macho. Lakini uliyomwambia aliyashika. Akakoroga sukari, akanikalisha, akaninywesha funda kwa funda mpaka nikamtambua. Nikamwuliza, "Mkwe, umefika saa ngapi?" Akakaa chini akalia.

Nililazwa, naye hakubanduka. Simu yake ilidondoka njiani, ndiyo sababu ya ukimya. Sasa anakuletea barua hii. Usijilaumu. Ungekaa kimya, ningekuwa bado nachoma pale pale.

Dozi wameipunguza sana. Kulia panauma, sikufichi, kila nikichoma nafumba macho. Lakini juzi na jana sukari imekaa vizuri.

Jana daktari aliniomba niwaonyeshe wenzangu kliniki. Mtu mzima kama mimi, kupandisha blauzi! Nikapandisha. Nikawaambia, "Shikeni hapa. Hapaumi, na hapa ndipo paliponiponza." Hakuna aliyecheka. Nikaona mikono ya akina mama inaingia kimya kimya chini ya khanga, inapapasa. Mzee Protasi, yule mvuvi asiyesalimia mtu, akanisogelea na kuninong'oneza, "Dada, kivimbe changu kiko pajani."

Mama yako,
Ottilia