Uji wa Korosho na Mpira wa Mama

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
9 Juni 2024

Mpendwa mdogo wangu Bakili,

Habari za Tunduma na baridi yake? Natumaini kifua chako kimetulia na lile koti nililokutumia unalivaa, hujaligeuza tambara la kufutia grisi. Huku sisi wazima. Joto limepungua, na biashara ya vyombo inasuasua lakini mlango unafunguliwa. Mama anaendelea vizuri. Hilo nimelitanguliza ili usome mengine bila kushtuka.

Ningekupigia simu, lakini kila tukiongea niko kwako Magomeni na mkeo yupo pembeni, na barua hii inamhusu yeye. Nimempa kondakta wa basi akukabidhi mkononi.

Unajua kwamba tangu kiharusi kimpate Mama hamezi wala hasemi, na chakula chake kinapitia kwenye mpira ulioingizwa puani. Usichokijua ni kilichotokea wodini. Wewe na mimi tumekulia Masasi, tunajua mgonjwa hupewa uji wa korosho zilizotwangwa ndipo apate nguvu. Nikaupika mzito, kama anavyoupenda, nikaubeba kwenye chupa. Nesi alikuwa anahudumia kitanda cha jirani. Sikumsubiri, nikaumimina mwenyewe kwenye lile bomba la sindano linalochomekwa kwenye mpira. Mpira ukaziba.

Sista Zulekha, msimamizi wa wodi, akaja. Yule mama hana kelele, lakini husimama hata nyuma ya manesi wake akiwatazama wanavyosafisha vidonda, na aliyesahau kunawa anaanza upya. Akauliza, "Nani kampa huyu bibi korosho?" Wodi nzima ikanigeukia. Mpira ukatolewa, ukaingizwa mwingine, na machozi yakamtoka Mama. Mimi ninayeuza vichujio Kariakoo nilimpa mama yangu uji usiochujwa.

Kuanzia hapo Sista akamchagua mkeo Candida awe ndiye wa kumlisha Mama. Akamfundisha kuinua kichwa cha kitanda, kuangalia kama alama ya mpira pale puani haijasogea, kumimina taratibu na kumalizia kwa maji. Akamfundisha na kusafisha kile kidonda cha mgongoni kilichotokana na kulala sana. Mkeo akikisafisha, Sista anasimama kafunga mikono, hasemi neno, na kwa Sista Zulekha kunyamaza ndiyo sifa. Mimi nilijaribu mara moja. Nilipokiona nikafumba macho, nikaambiwa nimshike Mama mkono tu, inatosha.

Nakwambia wazi, mdogo wangu, nina wivu. Namwonea wivu mkeo mpaka chakula hakinishuki. Candida akiingia, Mama anainua ule mkono wake mzima. Nikiingia mimi ananitazama mkononi, nadhani anakagua kama nimebeba chupa. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mgeni kaja, mwenyeji kapona, na niliyeugua ni mimi.

Juzi jirani yangu Chiku kanihubiria kwamba nimshukuru Mungu kwa kupata wifi wa namna ile. Nilicheka kwa meno tu, kisha nikamuuzia beseni lenye mkwaruzo.

Hospitali ilipomruhusu Mama, mpira ukiwa bado upo mpaka atakapoanza kumeza, nilikuwa nimeshamtandikia kitanda chumbani kwangu. Binti yake ni mimi, hana mwingine. Sista akasema mgonjwa atakwenda kwa mtu aliyemfundisha yeye, basi. Ndiyo maana Mama yuko kwako Magomeni, na kile kitanda nimekijaza ndoo za duka.

Nikifunga duka naenda. Siku hizi uji nauchuja mpaka unateleza kama maji. Candida anaupokea, anasema asante wifi, halafu anauchuja tena mbele ya macho yangu. Ana haki, na hilo ndilo linaloniuma. Kidonda kilichokuwa kama kiganja sasa ni kama kisoda. Nimetafuta kasoro kila mahali, mpaka chini ya kitanda, nimekosa.

Jana alininyooshea bomba. "Wifi, leo shika wewe. Mimi nipo hapa hapa." Mama alikuwa ananitazama usoni. Nilitaka, Bakili. Mkono ulishaanza kwenda. Halafu nikajisikia nikisema nimechoka, mgongo unaniuma, nikachukua pochi yangu nikatoka. Nimelia kuanzia mlangoni kwako hadi Jangwani, watu wananipisha njia wakidhani nimefiwa.

Nisalimie Abdulmajid mnayefanya naye kazi, na ukipita Mbeya usiache kumwona binamu yetu Rachel, mwambie kanga zake zipo. Mungu akukinge chini ya malori hayo, akurudishe kwetu na vidole vyako vyote.

Barua hii usimwonyeshe mkeo. Ila mkiongea mwambie, kama wazo lako mwenyewe, aninyooshee lile bomba tena.

Wako akupendaye hata akinuna,
dada yako Scholastika