Kumsomea Mama Aya ya Nne

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mama ametoka hospitali. Retina ya jicho la kulia imerudishwa mahali pake, na ndani ya jicho wameweka gesi ya kuishikilia. Ili gesi ikae sawa lazima alale kifudifudi, mchana na usiku, mpaka daktari aseme basi. Jicho la kushoto halijawahi kusoma vizuri tangu utoto wake. Kwa hiyo sasa hasomi kitu.

Mireille amempangia mito yenye pengo la kuingiza uso. (Mireille ni mpangaji wetu wa chumba cha nyuma, Mkongo wa Bunia, anasomea famasia.) Alimtazama akasema, "Mama Daktari, uko kama mutu anatafuta pete chini ya kitanda." Mama alicheka. Tukamwambia asicheke — inatikisa jicho.

Jumanne, 7 Oktoba

Mama ni daktari wa sheria, anafundisha chuoni hapa Durban, na kumbe kazi haikumsubiri apone. Anko Lawrence alipiga simu asubuhi. Yeye na Mama walisoma sheria pamoja Nairobi. Sasa anamfanyia kazi mwanasheria mkuu wa nchi moja iliyo vitani. Mama amenikataza kuliandika jina la nchi hiyo popote, hata humu. Nitaiita Shirikisho. Ina mikoa sita, kila mmoja una gavana wake na bunge lake. Vita viko kwenye mpaka wa kaskazini.

Serikali ya Shirikisho imemwomba Mama maoni ya kisheria. Swali: wakati wa vita, je, inaweza kumwondoa gavana aliyechaguliwa na wananchi wa mkoa, na kumweka kamanda wa jeshi? Baraza lao la mawaziri linakutana Jumanne ijayo. Wanataka kwenda mkutanoni na karatasi yenye saini ya mtu wa nje anayeheshimika.

Niko likizo, basi nasoma mimi. Nilianza na katiba yao. Mama alinisimamisha mara nyingi. "Polepole. Si matokeo ya mpira hayo." Yeye anasema akiangalia sakafu, mimi nachapa.

Tulisahau dirisha la jikoni. Tumbili wamechukua mkate wote na kuacha mfuko.

Jumatano, 8 Oktoba

Mvua. Sauti imenikauka. Kesi za nchi tatu, na vita vyote nilivyosoma leo vilikuwa vya zamani, isipokuwa kimoja.

Alhamisi, 9 Oktoba

Maoni yameanza kupata umbo. Nilidhani Mama angesema hapana tupu. Sivyo! Reli, bandari, umeme, polisi wa mikoa — vyote Shirikisho linaweza kuvichukua vita vikiwaka, kwa sababu ulinzi ni kazi yake. Nilimwuliza mbona anawapa mengi hivyo. Akasema mshauri anayekataa kila kitu hasikilizwi siku ya kukataa yenyewe.

Hapana iko mahali pamoja tu, aya ya nne. Gavana hawezi kuondolewa ila kwa idhini ya bunge la mkoa wake. Katiba haitamki hivyo waziwazi. Mama ameijenga hoja kutoka vifungu vitatu vilivyo mbalimbali, kama mtu anayeshona shuka kwa vipande.

"Ina nguvu?" nikamwuliza.

"Ina nguvu ya kutosha kwa mtu anayetaka kutii," akasema.

Tuliyatuma saa ya chai.

Ijumaa, 10 Oktoba

Anko Lawrence tena, simu ikiwa kwenye spika kwa sababu Mama hawezi kuishika sikioni.

"Daktari, bado umeinamisha kichwa kama aliyefeli mtihani?"

"Sema shida yako, Lawrence."

Akasema kazi ni safi, ila mwanasheria mkuu ana marekebisho madogo ya lugha. Na tanbihi ni nyingi. Vita havisubiri tanbihi. Mama akamjibu, basi piganeni bila mimi. Wakacheka wote wawili, wamezoeana hivyo.

Kisha akashusha sauti. Shirikisho linaunda jopo la washauri wa sheria. Miaka miwili, na Mama anaweza kuifanya kazi hiyo akiwa hapa Durban. Jina lake liko juu kabisa. "Hii karatasi ndiyo mlango, Daktari. Unaelewa."

Nami nilielewa. Mkataba wa Mama chuoni unaisha Desemba na hakuna aliyetaja mwingine. Bila kazi hakuna viza. Bila viza tunarudi Eldoret kwa nyanya. Mwaka ujao ni mwaka wangu wa matric, mtihani wa mwisho wa sekondari. Kabla ya kufunga shule nilichaguliwa kiranja, na Tiffany anayemaliza mwaka huu amenipa tai yake ya kiranja, yenye mstari mweupe. Iko kwenye droo. Sijaivaa, nimeijaribu tu.

Jumapili, 12 Oktoba

Baada ya kanisa nilimsaidia Mireille kupika sombe, kisamvu cha kwao. Siruhusiwi kusema kazi ya Mama, kwa hiyo nilimwuliza tu habari za kwao. Bunia wana jenerali badala ya gavana, tangu yeye akiwa msichana wa sekondari, kwa ajili ya vita.

Nilimwuliza kama wananchi waliulizwa kwanza.

"Kuuliza nani, dada? Walisemea mu radio. Maman alikuwa anatwanga sombe. Akasimama, akasikiliza, akaendelea kutwanga."

Mlikasirika?

Akafikiri. Akasema hapana, wengi walifurahi. Watu walikuwa wanakufa. Mama yake mwenyewe alipiga makofi. "Papa alisema ni ya kitambo kidogo. Leo mimi niko karibu kumaliza chuo, na jenerali angali iko. Barabara iko ileile, mashimo iko yaleyale. Gavana tu ndiyo iko na kofia."

Nilikata vitunguu. Sikujua niipeleke wapi habari ya makofi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Shule imefunguliwa. Niliporudi, barua pepe ya Anko Lawrence ilikuwa imefika. "Marekebisho madogo ya lugha, kama nilivyosema. Saini ya wino, muipige picha, muitume kesho kabla ya saa kumi."

Nilichapisha na kuisoma peke yangu kwanza, mezani. Tanbihi zimebaki zote. Reli, bandari, umeme, polisi, vilevile. Aya ya nne tu. Pale paliposema "kwa idhini ya bunge la mkoa" pamekuwa "baada ya kuliarifu bunge la mkoa".

Kuarifu ni kusemea mu radio.

Maneno ya kwanza nayajua kwa moyo, niliyachapa mwenyewe. Naweza kumsomea Mama aya ile ya zamani huku karatasi ikiwa mpya. Angesaini. Angepona jicho akiwa tayari na kazi, nami ningemaliza shule. Nimeliandika wazo hili hapa nione linafananaje likiwa limeandikwa.

Mama aliuliza kama wamerudisha. Nikasema ndiyo, lakini nimechoka, tusome kesho. Akasema sawa, pumzika.

Jumanne, 14 Oktoba

Nilisoma nikiwa bado na sare ya shule, nimekaa sakafuni karibu na uso wake. Aya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne nikaisoma kama ilivyo kwenye karatasi.

Mama hakusogea. "Rudia."

Nikarudia.

"Umekosea wewe au wamekosea wao?"

"Hawajakosea, Mama. Wamebadilisha."

"Umeiona lini?"

"Jana."

Mkono wake ulikuwa unaning'inia kando ya kitanda. Simu ikalia, Anko Lawrence. Sauti yake haikuwa na mzaha leo. Ni fungu dogo la maneno, Daktari. Kaskazini wanazika watu kila siku, na gavana wa huko anawazuia wanajeshi kupita. Mama akasema anajua wanazika. Anko akasema hata bila yeye watapata saini nyingine, kwa hiyo bora iwe yake, angalau kuna hizo aya nyingine nzuri. Mama akasema, "Nipigie tena baadaye kidogo."

Kisha akaniambia mimi, "Kazi hii ingekuweka hapa."

"Najua."

"Na bado umesoma vile ilivyoandikwa."

Aliomba kalamu na ile karatasi. Niliiweka juu ya ubao wa kukatia mboga, nikausogeza chini ya mkono wake. Akasema, "Niwekee kidole changu." Nikakishika kidole cha mkono wake wa kushoto, nikakiweka kwenye mstari wa saini.

"Juu zaidi."

Nikakisogeza juu, mstari kwa mstari, mpaka akasema hapo. Ilikuwa aya ya nne, kwenye neno "kuliarifu". Akaniambia niende jikoni, anataka kufikiri.

Niko jikoni. Mlango uko wazi, naona mgongo wake na mikono tu. Saa kumi bado kidogo. Simu imeanza kulia. Kalamu anayo mkono wa kulia, haijasaini wala haijalikata neno lile. Kidole cha mkono wa kushoto hakijaondoka pale nilipokiweka.