Ara na Ala

Jumatatu, 1 Septemba
Uji, nusu kikombe. Zuhura amepima dawa ya maumivu, akanipa, akaenda kufungua dirisha. Nimeimwaga kwenye kopo la mshubiri. Nakiri hapa kwa kuwa siwezi kumkiria mwanangu: nafanya hivi kila asubuhi. Dawa inanilaza, nikiamka akili ni pamba. Mifupa inauma sana. Mshubiri hauna maumivu hata kidogo.

Kuna jambo moja nataka kulijua kabla sijafa. Nililifundisha chuoni hadi nikastaafu, bila kuliona kwa macho. Nalitaka nikiwa macho.

Alhamisi, 4 Septemba
Niandike kalamu ikishikika. Vimeng'enya viwili, ndugu. Vyote vinahamisha salfa. Vyote vinaishika kwa asidi amino ileile, sisteini. Lakini cha kwanza huichukua salfa kutoka kwenye thiosalfeti na kuibandika kwenye sayanidi, sumu ya muhogo mchungu, na makali yake huisha. Cha pili huichukua kwingine. Thiosalfeti hakiitaki. Mkono uleule, kazi mbalimbali. Kwa nini?

Nashuku majirani wa sisteini. Kwenye cha kwanza ni arginini na laisini, zenye chaji chanya. Thiosalfeti ina chaji hasi, inavutwa. Kwenye cha pili ni glaisini na serini. Hazivuti kitu.

Nakato, mwanafunzi wangu wa mwisho, aniitaye Jajja, yaani bibi, sasa ana maabara yake. Amekipa cha pili majirani wa cha kwanza. Maelekezo nilimpa kwa simu, nimelala. Mwishoni anatia chuma, ambacho huwa chekundu kikikutana na sayanidi iliyobandikwa salfa. Maji yakiwa mekundu, kimeng'enya kimejifunza kazi ya ndugu yake. Anapima kesho kutwa.

Jumamosi, 6 Septemba
Njano. Njano hafifu. Basi nimekosea, na nimewakosesha watu wengi darasani. Sikula. Zuhura anadhani ni ugonjwa.

Jumanne, 9 Septemba
Haikuniingia akilini. Nimemwita Nakato. Amekuja hapa nyumbani Bukoto na ndizi za bogoya za soko la Nakasero, ambazo siwezi kuzila. Nikamwambia anisomee mfuatano wa kimeng'enya alichotengeneza. Sisteini, alanini, laisini.

Alanini?

“Jajja, si wewe ulisema ala?”

Nilisema ara. Herufi R kwa Kiingereza, kifupi cha arginini. Nakato ni Muganda, ara na ala sikioni mwake ni kitu kimoja. Na Ala ndicho kifupi cha alanini, cha herufi tatu. Babu yangu, mtu wa pwani, aliuza vitambaa Mengo akiwacheka wateja wake kwa jambo hilihili. Leo wamelipiza kwangu.

Nimecheka mpaka mbavu zikaniadhibu. Nakato alicheka huku anafuta macho.

“Naagiza jeni ingine. Lakini itachukua wiki nyingi, Jajja. Utaweza?”

Nikamwambia aagize. Safari hii nimemwandikia.

Jumatano, 10 Septemba
Nimewaza kitu na nimefurahi kama mtoto. Alanini haikupotea bure. Laisini ilikuwepo, arginini haikuwepo, na kimeng'enya kikanyamaza. Kwa hiyo laisini peke yake haitoshi. Hicho ndicho kilinganisho nilichopaswa kukiomba tangu mwanzo. Sikukikumbuka.

Maumivu mabaya leo.

Jumapili, 28 Septemba
Zuhura amejua. Alikuta udongo wa mshubiri umelowa na hakuwa ameumwagilia. Akanusa. Akakaa sakafuni.

“Mama, unajitesa kwa ajili ya protini?”

Ndiyo. Sikuwa na jibu la heshima zaidi. Alinikasirikia kwa muda mrefu, kisha akaniuliza hiyo sisteini ni nini. Nimemweleza. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wengi. Tumekubaliana: dawa jioni, mbele yake. Asubuhi ni yangu mpaka Nakato atakaporudi.

Jumatano, 8 Oktoba
Nakato amepiga simu, bakteria wameshakitengeneza kimeng'enya. Bado kukisafisha. Naogopa. Si kufa. Naogopa kuchelewa.

Ijumaa, 17 Oktoba
Nakato amekuja kwa boda, vichupa viwili ndani ya kikombe, kikombe amekikumbatia kifuani. Akavipanga dirishani kwenye mwanga. Chenye alanini, njano. Cha pili kina rangi nyekundu ya chai ya rosela iliyokolea.

“Ara,” akasema, polepole, ulimi ukihangaika.

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Nimevitazama mpaka nikatosheka. Tofauti ya jirani mmoja tu. Sasa najiuliza kama arginini peke yake ingetosha, bila laisini. Nakato anasema atapima. Atajua yeye.

Zuhura amepima dawa, ingawa ni asubuhi. Nimeinywa yote. Ni chungu asubuhi kama ilivyo jioni.

Yeye sasa anaumwagilia mshubiri. Maji matupu.