Njia ya Baiskeli Mbele ya Nyumba ya Mama

Shoga, shika simu. Wamekata miti! Mtaa mzima wa kwa mama umebaki visiki vitupu.

Na unajua kwa nini? Wanajenga njia ya baiskeli. Ile ile niliyoipigania mimi!

Mimi niliyewasumbua nyote muache magari nyumbani, eti moshi unatumaliza. Mimi niliyepayuka kwenye mkutano wa mtaa mpaka sauti ikakauka. Kumbe walinisikia, shoga. Nimejipalia makaa mwenyewe.

Nimefika na baiskeli yangu, nikakuta msumeno unanguruma. Nikamkimbilia msimamizi, nikamwambia mwarobaini ule wa dirishani kwa mama msiuguse, marehemu baba aliupanda mwaka niliozaliwa. Akacheka. "Dada, si wewe uliyeomba njia? Ulidhani itapita wapi?"

Ulidhani itapita wapi!! Kwenye barabara ya magari hawajapunguza hata shubiri. Nafasi yangu wameitoa kwenye kivuli cha mama. Nimesimama pale kama zuzu, na mwarobaini ukaanguka mbele ya macho yangu.

Nikaingia ndani nikijua leo mama atanifukuza. Nimemkuta dirishani kwenye kiti chake, jua linampiga usoni, pale ambapo halijawahi kufika.

Nikasema, "Mama, nisamehe." Akanivuta mkono, akanifuta machozi kwa upande wa khanga.

"Usilie, mwanangu. Kila ukipita katikati ya magari yale roho yangu ilikuwa juu juu. Baba yako angekuwepo, angeukata mwenyewe."

Shoga, heri angenitukana.