Taa za Kivuko Hazijawaka, na Shemeji Anangoja Kujenga

Mpendwa Mama Nanyama,

Nakuomba unisaidie kwa mawazo maana yangu yamekwisha, na ukicheka katikati ya barua hii sitakulaumu, hata mimi ningecheka kama ingekuwa nyumba ya mtu mwingine.

Mume wangu alifanya kazi ya reli mpaka akastaafu, na miaka yake mingi ya mwisho alikuwa mlinzi wa kivuko, pale barabara inapokata reli, yeye ndiye wa kushusha kizuizi na kusimamisha magari ili treni ipite. Alipostaafu, binti yetu Winny, ambaye ni nesi ng'ambo, akamtumia treni ndogo ya umeme, ya kuchezea lakini si ya watoto, ina reli zake na steshoni yake na kivuko kidogo chenye kizuizi na taa mbili nyekundu zinazotakiwa kupokezana kuwaka treni ikikaribia. Nilifurahi, nikasema mzee amepata cha kufanya kabla hatujahamia nyumbani. Sasa hiyo treni imekaa juu ya meza yetu ya kulia hapa Migosi, sisi tunakula sahani zikiwa magotini, na akina mama wa kanisa wakija wanashika vikombe mkononi na kuniangalia kwa huruma.

Lakini shida si meza. Shida ni kwamba hatujafungua boma letu, yaani kuanzisha makazi yetu wenyewe, huko kwao mume wangu Nyakach, na kwetu Wajaluo ndugu mdogo hawezi kumruka mkubwa akajenga boma lake kwanza, sasa mdogo wake Ondiek anangoja, matofali aliyonunua yameota nyasi, bado anaishi na mkewe kwenye simba, ile nyumba ya ujana aliyojenga kwa marehemu baba yao, mvua ikinyesha wanahamisha kitanda, na kila Jumapili ananipigia simu mimi, si kaka yake, kwa sababu kaka yake alishasema mbele ya wazee, "Nikimaliza hii treni, taa ziwake vizuri, tunaenda." Basi Ondiek, akiniita kwa jina la kwetu nilikozaliwa, anauliza, "Nyar Asembo, hizo taa ziko aje? Zimewaka?" Mtu mzima mwenye mvi anauliza habari za taa za kuchezea, na hatanii.

Mama, nimehangaika na hizo taa. Kwanza zilikuwa zinawaka zenyewe jioni bila treni, nikamwita Laban, fundi wa redio, akachungulia akasema jua la dirishani linapiga lile jicho dogo lililowekwa katikati ya reli, jicho linadhani treni imefika, nikaning'iniza leso dirishani zikatulia. Halafu taa moja ikakataa kabisa, Laban akasugua reli kwa spiriti, akakaza waya, ikawaka, kesho yake imezima tena. Nikajifunza kukaza ule waya mwenyewe. Nikikaza leo, kesho umelegea, nikalaumu panya, nikanunua dawa ya panya. Mpaka siku moja nikiwa jikoni nachambua omena, wale dagaa wetu wa ziwani, nikamwona Baba Winny kwa macho yangu ameinama na bisibisi, analegeza skrubu polepole kama mtu anayemtoa mtoto mwiba, kisha akaita, "Mama Winny! Kuja uone, hii kitu imeharibika tena!"

Nilikwenda nikaangalia, nikasema pole. Siku nyingine nikamuuliza tu kwa nini hatuendi nyumbani, akasema, "Odongo alistaafu, akaenda, akajenga. Ako wapi?" Odongo alikuwa mwenzake wa kazi. Tulimzika kabla ukuta haujapakwa rangi.

Na kuna hili ambalo sijamwambia mtu. Jumapili iliyopita nilikuwa nimekaza waya, taa zote mbili zinapokezana vizuri kabisa, kizuizi kinashuka, mzee yuko kanisani bado, na Ondiek alipopiga nikamwambia, "Bado, shem." Sijui ni nini kilinishika. Nina biashara yangu ya samaki pale Dunga, nina kwaya, watu wangu wote wako hapa. Nimechoka kukaza waya na nimechoka kusema uongo. Je, nimwambie mume wangu kwamba nilimwona?

Mama Aliyechoka,
Migosi, Kisumu

MAMA NANYAMA ANAJIBU

Mama Aliyechoka, pole. Nilicheka, kwa kuwa ulinipa ruhusa, lakini nilipofika kwa Odongo nikaacha.

Fundi Laban alifanya kazi yake vizuri, usimsumbue tena. Na hiyo dawa ya panya iondoe ndani ya nyumba, panya hana kosa. Mumeo haogopi kujenga. Anaogopa kuzikwa. Amewaona wenzake wakifungua boma na baada ya muda mfupi wakilala ndani yake, akaweka mambo mawili pamoja: nikifungua, nimekwisha. Huo ni woga, na mwanamume aliyesimamisha malori maisha yake yote hajui aseme vipi kwamba anaogopa. Ndiyo maana anasema taa.

Wewe sasa. Usijifanye hujui kilichokushika. Huku mmoja analegeza, huku mwingine anakaza, halafu yule anayekaza ndiye anayesema "bado, shem". Hutaki kwenda! Sema. Kupenda biashara yako na kwaya yako si dhambi. Dhambi ni kumwacha mzee abebe lawama ya watu wawili, na wewe ukiitwa mvumilivu.

Mimi ni Mbukusu, mila zenu sizijui zote, kwa hiyo nilimuuliza jirani yangu Beldina, ambaye ni wa kwenu. Anasema boma halihitaji jumba. Mume anatangulia na jogoo, kijana wenu wa kwanza wa kiume, kama mnaye, anabeba shoka, wewe unabeba moto, mnasimamisha kijumba cha mabati, mnalala humo kama mila inavyotaka, njia ya Ondiek imefunguka. Baadaye mkirudi Migosi hakuna atakayewafunga miguu. Wangapi hapa mjini wamefanya hivyo na bado unawaona sokoni? Lakini thibitisheni na wazee wenu, msije mkasema Nanyama aliwapotosha.

Kwa hiyo fanya hivi. Acha bisibisi. Mpikie chai, kaa naye kwenye hiyo treni yake, na uanze na lako: mwambie wewe hutaki kuacha Kisumu, na kwamba ulimdanganya Ondiek. Ukimaliza ndipo umwambie ulimwona. Hapo hatakuwa mshtakiwa, mtakuwa wawili. Akikwambia anaogopa kufa, usimwambie asiseme hivyo, na usimletee mistari ya Biblia kabla hajamaliza kusema. Msikilize. Kisha mwambie kifo hakingoji boma lifunguliwe, hata Migosi kinaijua njia. Usipeleke jambo hili kwa wazee wala kwa Winny, mtu asiaibishwe kwa woga wake.

Na msikae mkijihurumia muda mrefu. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Ninyi wawili mmehesabu umri wa mzee, mkahesabu biashara, mkahesabu kwaya, lakini Ondiek naye ana mvi, umeandika mwenyewe. Akitangulia kufa yeye kabla hamjampisha, atazikwa pale kwa baba yake, kama kijana ambaye hajawahi kutoka kwao, wajukuu wake wakiangalia. Hapo mtakuwa na nguvu ya kwenda Nyakach, tena siku hiyohiyo.